Mwalimu wa Mpira na Mchezaji wa Katikati

Mtu akipita karibu na kiwanja cha Mkwakwani, mjini Tanga, jioni ya siku ya mchezo, watu wakiwa wanatoka, atasikia ubishi ambao haujapata kwisha. Mmoja asema, "Tumeshinda kwa akili ya mwalimu." Wa pili amjibu, "Mwalimu aliingia uwanjani lini? Aliyeshinda ni yule kijana wa katikati. Bila yeye tungefungwa." Ubishi huo hufika mpaka barazani, na mara nyingi kahawa humalizika kabla yake. Wala si ubishi wa bure. Ndani yake mna swali ambalo kila apendaye mchezo huu yafaa alifahamu: je, timu hushinda kwa shauri lililotengenezwa kabla ya mchezo, au kwa akili ya mchezaji mmoja wakati mpira uko miguuni pake?

Mpira wa miguu ulifika pwani hii katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Shule ya Kiungani, Unguja, ilikuwa mahali pamoja ulipochezwa mapema, na vijana wengi wa Bonde walikuwa wakipelekwa huko kusoma. Baadaye mji wa Tanga ukapata vyama vyake viwili vikubwa, African Sports na Coastal Union. Hiki cha pili kilianzishwa mwaka 1948, na watu wake hujiita Wagosi wa Kaya. Mwaka 1988 mji huu ulipata heshima ambayo miji mikubwa kuliko huu huitamani: Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara, na African Sports ikawa bingwa wa Muungano.

Lakini ili tujibu swali letu, tuanze na wadogo. Watazame watoto wachezao mpira wa matambara nyuma ya nyumba. Mpira ukienda kulia, wote hukimbilia kulia. Ukirudi kushoto, wote hurudi kushoto, mfano wa kuku walioona punje moja. Mwenye mbio na nguvu ndiye ashindaye. Hapo hapana shauri lo lote, wala hapana haja ya mwalimu. Siku mtoto mmoja anapowaambia wenzake, "Wewe kaa huku, na wewe usiondoke pale, mimi nitakuleteeni mpira," siku hiyo ndipo mchezo wenyewe huanza. Mtoto huyo amefanya kazi mbili kwa pamoja, kazi ya mwalimu na kazi ya mchezaji wa katikati. Katika timu za watu wazima kazi hizo zimegawanywa kwa watu wawili, na shida yote, na utamu wote pia, hutokea hapo zilipogawanywa.

Kazi ya mwalimu ya kwanza ni kupanga mahali. Ana watu 11, na kiwanja ni kikubwa, yapata hatua 100 kwa urefu, hata haiwezekani kukijaza. Akiweka watu wengi mbele, nyuma patakuwa wazi; akiwarundika nyuma, hatapata bao. Kwa hiyo mwalimu ni kama mtu mwenye shuka fupi wakati wa baridi: akifunika kichwa, miguu iko nje. Akili yake hujulikana kwa namna achaguavyo sehemu ya kuacha wazi.

Sasa nitawaelezeni habari ya mwalimu mmoja wa Uingereza aliyebadili mpango wa mchezo kwa namna iliyoenea dunia nzima. Jina lake Herbert Chapman, naye alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Katika mwaka 1925 aliitwa London kuifundisha timu ya Arsenal, ambayo wakati huo ilikuwa haijapata kuchukua kikombe cho chote kikubwa. Mwaka ule ule sheria ya kuotea ilibadilishwa. Mnajua ya kuwa mchezaji wa mbele hana ruhusa kupelekewa mpira akiwa amekwisha wapita walinzi na kusimama karibu na lango la adui. Tangu mwaka 1866 sheria ilitaka wawepo watu 3 wa upande wa pili kati yake na mstari wa goli, mlinda lango akihesabiwa. Mabeki werevu wakajifunza hila: beki mmoja akipiga hatua chache mbele, washambuliaji wote wameotea, na firimbi inalia. Michezo ikawa firimbi tupu, na watazamaji wakachoka. Basi mwaka 1925 watu 3 wakapunguzwa kuwa 2.

Badiliko hilo dogo lilikuwa kama kufungua mlango wa zizi. Katika daraja la kwanza la Uingereza mabao yaliyofungwa mwaka wa mashindano wa 1924–25 yalikuwa 1,192. Mwaka uliofuata yakawa 1,703. Idadi ya michezo ilikuwa ile ile.

Ili uone sababu yake, chora kiwanja mchangani uokote kokoto 11. Weka moja langoni. Kwa desturi ya zamani, weka 2 mbele yake, ndio mabeki. Kisha 3 katikati, ndio mahafu. Kisha 5 mbele, ndio mafowadi. Yule hafu wa kati, yaani senta hafu, ndiye aliyekuwa mfalme wa timu. Alishambulia, alizuia, na mpira wote ulipita kwake. Lakini tazama nafasi iliyopo kati ya mabeki wawili. Sheria ya zamani ilipokuwapo haikuwa na hatari, kwa sababu adui aliyeingia hapo aliotea. Sheria mpya ikaufanya mwanya ule kuwa barabara. Siku ya 3 Oktoba 1925 Arsenal ilikwenda mji wa Newcastle ikafungwa mabao 7 bila kupata hata moja.

Baada ya kipigo hicho mchezaji mmoja, Charles Buchan, mtu mzima aliyecheza miaka mingi, alileta shauri. Alisema senta hafu arudi nyuma asimame kati ya mabeki wawili, auzibe ule mwanya. Tena alitaka, naye hapa ndipo alipoonyesha ujuzi, kwamba fowadi mmoja ashuke katikati apokee mpira kutoka nyuma na kuupeleka mbele, kwa kuwa senta hafu akiondoka, katikati pangebaki patupu. Chapman alikuwa mwalimu, na wengine katika cheo chake wangeona haya kufundishwa na mchezaji. Yeye alisikiliza, akakubali. Siku mbili baadaye Arsenal ilicheza na West Ham ikashinda 4 kwa 0.

Ni nani aliyewekwa mahali pale pa katikati? Buchan alidhani atapewa yeye, lakini Chapman alimchagua Andy Neil, mchezaji wa timu ya tatu, mtu mzito ambaye hakuwa na mbio kabisa. Sababu ya Chapman ilikuwa kwamba Neil aliweza kuutuliza mpira chini ya mguu wake na kufikiri kabla hajaupiga. Maneno haya yafikirini sana, hasa ninyi mnaosifu mbio tu.

Baada ya miaka michache mpango ulikamilika. Zipange upya kokoto zako: mabeki 3 nyuma, mahafu 2 mbele yao, kisha wawili wa kuunganisha, kisha 3 mbele. Ukizifuata kwa kidole zile 5 za mbele utachora herufi W, na zile 5 za nyuma utachora herufi M. Kwa hiyo mpango huu uliitwa WM, na walimu wa nchi nyingi waliufuata kwa muda wa miaka 25 na zaidi. Katika siku hizo hizo, mwaka 1928, Arsenal ilikuwa mojawapo ya timu za kwanza za daraja lake kuvaa namba mgongoni. Sisi leo tukisema "namba tano" au "namba kumi" kwa maana ya kazi ya mchezaji, twatumia desturi iliyoanzia siku zile.

Lakini mpango uliochorwa mchangani haujafunga bao hata moja. Chapman alilijua hilo. Mwaka 1929 alitoa pauni 8,750, fedha nyingi mno kwa wakati ule, kumnunua Mskoti mmoja aitwaye Alex James. Alikuwa mfupi, na suruali yake ya kuchezea ilikuwa pana, ikifika magotini, hata watu wakamcheka. Alikotoka alizoea kufunga mabao. Chapman akamwambia aache kufunga, awe mtu wa kuwapa wengine. Halikuwa jambo jepesi. Mtu aliyezoea kushangiliwa akiambiwa awaandalie wenzake washangiliwe wao, moyo wake hukataa kwanza, na miezi ya mwanzo ya James pale Arsenal haikuwa mizuri. Mwisho alikubali, na alipokubali timu ikabadilika.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mabeki wakinyang'anya mpira, hawakuupiga ovyo mbele, bali walimtafuta James. Yeye aliupokea, akaugusa mara moja au mbili, akaupeleka mbali kwa mshazari, kushoto kwa Cliff Bastin au kulia kwa Joe Hulme. Mawinga hao hawakuambaa mstari wa pembeni kama desturi, bali waliingia ndani kuelekea golini. Adui aliyekuwa akishambulia dakika ile ile aliona mpira uko nyuma ya mgongo wake. Katika mwaka wa mashindano wa 1932–33 Bastin, ingawa alikuwa winga, alifunga mabao 33 ya ligi. Ukiuliza hesabu ya mabao ya James mwenyewe utaambiwa ni machache, lakini Arsenal ilichukua ubingwa mwaka 1931, tena mwaka 1933, 1934 na 1935. Chapman hakuona yote hayo, maana alifariki Januari 1934.

Mchezo mmoja waonyesha vizuri jinsi akili mbili zinavyokutana. Tarehe 26 Aprili 1930 Arsenal ilicheza fainali ya kombe la Uingereza na Huddersfield, timu ile ile aliyoifundisha Chapman zamani. Wakiwa njiani kwenda uwanjani, James alipatana na Bastin ya kwamba wakipata mpira wa adhabu ataupiga upesi, kabla adui hajajipanga, naye Bastin amrudishie. Ikawa hivyo. James akafanyiwa madhambi, akainuka, akampa Bastin mpira, akaurudishiwa, akafunga. Baadaye alituma mpira mrefu uliompata Lambert, naye akafunga la pili. Mchezo ukaisha 2 kwa 0. Shauri lilifanywa kabla, lakini jicho la kuona kwamba adui amezubaa lilikuwa la yule aliyekuwa uwanjani.

Mchezaji wa namna hii sisi twamwita kiungo, na jina hilo lamfaa. Kiungo ndicho kishikacho mkono na bega. Kikiteguka, mkono mzima hauna kazi ingawa una nguvu. Ujuzi wake haukai miguuni peke yake. Mchezaji wa kawaida hupokea mpira, kisha huinua kichwa kutafuta wa kumpa, na kufikia hapo adui amekwisha mfikia. Kiungo hutazama kabla. Mpira ukiwa bado unamjia, amekwisha geuza kichwa kulia na kushoto, anajua nani yuko wazi na nani anamnyemelea nyuma. Yafanana na mchezaji hodari wa bao: hagusi kete mpaka amehesabu moyoni itakakoishia. Tena hupima uzito wa pasi. Mwenzake aliyesimama humpa mguuni. Mwenzake akimbiaye humwekea mbele, pale atakapofika, si pale alipo. Na humpa kwa mguu anaoutumia vizuri. Jambo hili la mwisho laonekana dogo, walakini limefungisha mabao mengi. Mwanafunzi aweza kujizoeza bila vifaa: wenzake wawili wasimame nyuma yake, mmoja ainue mkono wakati mpira ukija, naye aseme ni yupi kabla mpira haujamgusa.

Huko Marekani uko mchezo mwingine unaoitwa kwa jina hili hili la mpira wa miguu, ingawa mpira wenyewe ni mfano wa yai, huchukuliwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu. Nautaja kwa sababu ndani yake jambo letu laonekana wazi kuliko penginepo. Mchezo husimama kila baada ya muda mfupi, na mwalimu huchagua hila itakayofanywa. Kisha mpira hupewa mtu mmoja, aitwaye kwotabeki, naye ana sekunde chache tu za kuamua amtupie nani kabla majitu ya upande wa pili hayajamwangusha.

Katika mji wa Cincinnati palikuwa na mwalimu msaidizi, Bill Walsh. Kwotabeki wake, Greg Cook, kijana mwenye mkono wa nguvu, aliumia bega mwaka 1969. Aliyeshika nafasi yake mwaka uliofuata, Virgil Carter, alikuwa mwerevu na mwenye shabaha, lakini mkono wake haukuweza kutupa mbali. Mwalimu mwingine angemlaumu. Walsh alitengeneza mpango mpya wa mitupo mifupi mifupi, akikitumia kiwanja kwa upana wake badala ya urefu. Mwaka 1970 timu ikaongoza kundi lake. Mwaka 1979 Walsh alipewa timu ya San Francisco, akamchukua kijana Joe Montana, ambaye vyama vingine vilikuwa vimempita vikachagua wachezaji 81 kabla yake. Mwaka wa kwanza walishinda michezo 2 tu kati ya 16. Januari 1982 walikuwa mabingwa. Kwa hiyo mpango uliomfanya Montana kuwa na sifa ulizaliwa kwa udhaifu wa mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana huwezi kusema mwalimu huwaza peke yake. Mawazo yake hukatwa kwa kipimo cha wachezaji alio nao, kama fundi akatavyo kanzu kwa kipimo cha mwili.

Sasa turudi kwetu. Joel Bendera alikuwa mtu wa Korogwe, katika mkoa huu wa Tanga, naye alikuwa miongoni mwa walimu waliofundisha timu ya Taifa ya Tanzania ilipopata kwenda kwenye fainali za kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Agosti 1979 Tanzania iliifunga Zambia 1 kwa 0 Dar es Salaam, kisha ilibidi kwenda Ndola kurudiana. Fikirini shida ya mwalimu mwenye bao moja mkononi. Akiwaambia watu wake wakae nyuma tu, adui atawagonga mlango dakika 90 mpaka uvunjike. Akiwaambia waende mbele, nyumba ataiacha wazi. Basi yampasa awe na watu uwanjani wanaojua lini kutulia na lini kutoka. Tanzania ilikuwa na nahodha Leodegar Tenga, aliyecheza nyuma katikati. Na neno nahodha sisi watu wa pwani twajua lilikotoka: mwenye chombo aweza kutoa maagizo bandarini, ila upepo ukigeuka katikati ya bahari, ni nahodha wa kukata shauri. Zambia walifunga. Mchezo ukielekea mwisho, Peter Tino akasawazisha, ikawa 1 kwa 1, na Tanzania ikapita. Machi 1980, kule Lagos, timu ilifungwa na Nigeria 3 kwa 1 na na Misri 2 kwa 1, ikatoka sare na Kodivaa 1 kwa 1. Haikufika tena kwenye fainali hizo mpaka mwaka 2019, miaka 39 baadaye. Watu wa miaka ile waliomlaumu Bendera na wenzake kwa kushindwa Lagos nadhani walipata wakati wa kutosha wa kufikiri upya.

Habari ya mwisho ni ya Tanga yenyewe. Katika timu ya Coastal Union ya mwaka 1988 alikuwamo mchezaji Juma Mgunda. Miaka ilipopita akawa mwalimu wa chama hicho hicho, na mwaka 2022 akakifikisha kwenye fainali ya kombe la shirikisho la Tanzania. Adui alikuwa Yanga, ambayo mwaka huo ilichukua ubingwa wa ligi bila kufungwa mchezo hata mmoja. Wengi walikwenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tarehe 2 Julai, wakidhani watatazama Yanga ikikabidhiwa kombe. Waliyoyaona ni mengine. Coastal Union haikujificha nyuma. Mshambuliaji wake Abdul Suleiman, aitwaye Sopu, alifunga bao, akafunga la pili, akafunga la tatu, na baada ya dakika 120 hesabu ilikuwa 3 kwa 3.

Ndipo zikaja penalti, ambapo mpango wa mwalimu umekwisha kazi yake na kiungo hana wa kumpa pasi. Kila mtu huenda peke yake kwenye nukta ile nyeupe. Yanga ilishinda 4 kwa 1. Sopu alichukuliwa na Azam, na Septemba ya mwaka ule ule Mgunda aliitwa Dar es Salaam kuifundisha Simba. Coastal Union ikaachwa na kazi ya kutafuta mwalimu mwingine na mfungaji mwingine kwa wakati mmoja, na kisha kuwangoja wawili hao wafahamiane.